Kabla ya Koni, Lala Chini ya Gari

Mhadhara kwa madereva na mafundi vijana, kwenye ua wa garaji, Lubumbashi

Jambo yenu, vijana. Sogeeni kivulini. Mwezi wa kumi jua la Lubumbashi halina mchezo, na mvua bado inatuchungulia tu kutoka mbali.

Chuma hiki nilichoshika kilitoka kwenye Toyota ya mmoja wenu. Jina lake nalihifadhi, mwenyewe anacheka pale nyuma. Ni kardani ya kushoto, fimbo inayopeleka nguvu kutoka sanduku la gia hadi gurudumu la mbele. Ipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu akikunje hivi kiungo kilicho mwishoni mwake, tunachokiita kichwa, asikie kinavyokwaruza. Mwenye gari aliniambia, akiniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa: "Yaya, imekufa kwa sababu nilikimbia sana." Si kweli. Imekufa kwa ufa wa raba usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na ufa huo ulikuwapo wiki nyingi kabla hajaigusa koni hata moja ya mchezo wenu wa autocross, ule wa kukimbiza gari kati ya koni.

Tuanze na jina. Tunasema kardani kwa sababu Wafaransa wanasema hivyo, nao walilipata kwa Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16. Kiungo chenye jina lake hasa ni kile cha msalaba mnachokiona chini ya malori. Kina kasoro moja: kikikunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa. Kikunje digrii 30, halafu zungusha upande wa injini taratibu bila kubadilisha mwendo. Upande wa gurudumu utashuka hadi kama asilimia 87 ya mwendo huo, kisha utapanda hadi 115, mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye lori pembe ni ndogo, na viungo vinawekwa viwili ili kimoja kifute kosa la kingine. Lakini gurudumu la mbele la gari dogo linakata kona huku linavuta. Ukifunga msalaba pale, usukani utakutetemesha kama umeshika mashine ya kusaga mahindi.

Aliyelitatua tatizo hilo vizuri ni Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, katika miaka ya 1920. Kichwa alichokibuni kina gololi 6 zinazokaa kwenye mifereji iliyopinda, na kizimba cha chuma kinachozishika ili zibaki daima katikati kabisa ya pembe. Mkunjo uwe mkubwa au mdogo, gololi zinaugawa nusu kwa nusu, na mwendo unatoka ulivyoingia. Mini ya Waingereza ya mwaka 1959 ilitumia vichwa vya aina hii kwenye magurudumu ya mbele, na leo karibu kila gari dogo mnaloliona mjini humu linavyo. Upande wa gurudumu ni kichwa cha gololi. Upande wa sanduku la gia mara nyingi ni kile cha miguu mitatu yenye vigurudumu, ambacho hakikunjiki sana ila kinaingia na kutoka gari inapopanda na kushuka. Vichwa hivi viwili vinakufa kwa njia tofauti, na nitavirudia.

Sasa mchezo wenu. Marekani wanaucheza kwenye lami pana, gari moja moja kati ya koni, na koni ukiiangusha unaongezewa sekunde 2. Uingereza jina hilohilo la autocross ni la mbio za kwenye majani na udongo. Nyinyi mnacheza Kimarekani, ila vumbi lenu jekundu ni la Katanga, kwa hiyo mnapata taabu za pande zote mbili. Kila zamu ni dakika moja hivi. Mtu anafikiri dakika moja haiwezi kuchosha chuma. Tupige hesabu. Tuseme injini ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 130, yaani nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo. Gia ya kwanza inaizidisha mara 3.5, gia ya mwisho inazidisha tena mara 4. Hiyo ni 1,820, gawanya kwa magurudumu mawili: 910 kwenye kila kardani. Gololi 6 ndogo ndizo zinazobeba mzigo huo wote. Kardani ikiwa imenyooka, zinagawana sawasawa. Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, mzigo unazielemea baadhi kuliko nyingine, na kizimba kinaanza kusukumwa.

Kwa hiyo kinachovunja kardani ni kuondoka kwa nguvu huku magurudumu yamekatwa. Kuna kingine kibaya zaidi: kwenye kona kali gurudumu la ndani linainuka au linateleza, linazunguka bure kwa kasi, kisha linaishika lami ghafla. Pigo lile linapita lote kwenye kardani, kama nyundo. Nyoosha usukani kwanza, ndipo ukanyage. Najua mnapenda moshi wa tairi. Mimi pia niliupenda.

Lakini mguu wa dereva unaua kardani chache kuliko sufle iliyopasuka. Sufle ni ile raba yenye mikunjo inayofunika kichwa, na kazi yake ni mbili tu: grisi isitoke, uchafu usiingie. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Raba ikipasuka, grisi inarushwa nje yenyewe, na vumbi linaingia kuchukua nafasi yake. Vumbi na grisi kidogo iliyobaki ndiyo dawa ambayo fundi hutumia akitaka kusaga vali. Humo ndani inasaga gololi.

Kwa hiyo kabla ya mchezo wa Jumapili, lala chini ya gari. Kata usukani hadi mwisho ili mikunjo ifunguke, na usiangalie kwa macho tu, ifungue kwa vidole mkunjo mmoja mmoja, kwa sababu ufa unaanzia bondeni mwa mkunjo ambako jicho halifiki. Zungusha gurudumu, angalia pande zote. Angalia upande wa ndani wa rimu: ukiona mstari mweusi wa grisi umerushwa pale, usitafute zaidi. Sufle ya ndani iliyo karibu na bomba la moshi inakauka mapema. Ibonye, ikiwa ngumu kama ngozi ya ngoma, ibadilishe kabla haijapasuka. Na aliyeshusha gari lake chini kwa kukata springi ajue kwamba amebadilisha pembe ya kardani siku zote, hata akienda sokoni.

Masikio nayo yanasaidia. Kichwa cha nje kikiliwa kinasema tak-tak-tak ukizunguka polepole na usukani umekatwa, na sauti inaharakisha na gurudumu. Cha ndani hakipigi hivyo. Kinatikisa gari ukikanyaga mafuta, na ukiachia mguu kinatulia. Mvumo mrefu usiokatika, tafuta beringi. Wengi wamenunua kardani kwa kosa la beringi.

Ukiiwahi sufle wakati ufa ni mpya na kichwa bado kimya, una bahati. Toa kardani, fungua, osha kichwa kwa mafuta ya taa hadi chuma king'ae, kikauke kabisa. Chukua ile grisi ya zamani kidogo, isugue kati ya vidole juani. Ukiona vumbi la chuma linametameta, mifereji imeshaanza kuliwa. Kama iko laini, funga upya. Weka grisi nyeusi yenye molibdeni, ile inayokuja kwenye pakiti pamoja na sufle. Imepimwa, usiongeze, usipunguze. Grisi ya beringi iliyobaki kwenye kopo si ya humu. Ile ya pakiti isukume kati ya gololi kwa kidole gumba, usiimwage tu ndani ya raba. Kabla ya kukaza kolia, yaani ukanda wa chuma unaobana raba, inua ukingo wa sufle kwa bisibisi nyembamba hewa ipumue, la sivyo raba itajinyonya ndani na kujikata yenyewe. Waya wa kufungia uzio si kolia. Nimeuona hapa mjini, tena kwenye gari zuri.

Kutoa kardani, usivute fimbo yenyewe. Ukiivuta, kichwa cha ndani kinaachana humohumo na vigurudumu vinamwagika. Sukuma kwa chuma bapa karibu na sanduku la gia, polepole, sili ya mafuta iko palepale. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, kama ni ile ya kupondwa ili isilegee, weka mpya. Kaza kwa spana ya kupima nguvu kwa kipimo cha gari lako, si kwa bomba refu na pumzi ya rafiki. Na nati ikiwa imelegea, gari lisishushwe magurudumuni: uzito wote unalala kwenye beringi ambayo hakuna kinachoibana. Hilo nililifanya nikiwa kijana, nikalisukuma gari mita chache tu kutoka kwenye shimo. Beringi nililipa kwa mshahara wangu.

Yaya mmoja hapa mbele ameuliza: si rahisi kununua kardani nzima mpya? Rahisi, ndiyo. Niliwahi kununua moja ya bei ndogo, inang'aa, rangi nyeusi safi. Zamu ya tatu, kizimba kilipasuka vipande viwili. Chuma cha kiwandani chenye kilomita nyingi, kilichooshwa, chenye sufle mpya, nakiamini kuliko kipya nisichojua kimepikwaje. Mwingine ameuliza kuhusu kuhamisha kardani ya kushoto kwenda kulia. Wazee walifanya hivyo kwenye Kombi za Volkswagen, kwa sababu mfereji unaliwa upande unaosukuma, na kardani zake zina urefu mmoja. Toyota nyingi zinazovuta mbele, ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto. Haitaingia.

Basi, maneno yametosha. Tulipandishe hili la bluu, mwenyewe anasema sufle zake ni nzima. Nani ana tochi?