Nani Akae Kiti cha Katikati

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wanasheria vijana mliojipanga kule nyuma, njooni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie baraza la rufaa za mafao ya ugonjwa na ulemavu hapa Uingereza, hasa namna anavyopatikana mwanasheria wa kuliongoza. Naanzia kwenye meza yenyewe, maana nimekaa pembeni yake miaka mingi nikiwa mkalimani.

Chumba huwa kidogo. Hakuna kizimba, hakuna joho wala wigi. Kwa rufaa za PIP, lile fao la ulemavu lililoanza mwaka 2013, upande mmoja wanakaa watatu: daktari, mtu mwenye uzoefu wa masuala ya ulemavu, na katikati yao jaji. Upande wa pili ni mdai, pengine na binti yake, na mimi. Wizara iliyomnyima fao mara nyingi haileti mtu.

Sasa sikilizeni yaliyompata mama mmoja, aliyeniruhusu nisimulie mradi nisimtaje. Baridi yabisi imemla viungo, kuanzia vidole hadi magoti. Siku ya tathmini aliulizwa hali yake. Akajibu kama tunavyojibu sote: "Sijambo, namshukuru Mungu." Ikaandikwa kwamba anajisikia vizuri. Akaulizwa kama anapika. "Napika, mwanangu. Nisipopika mimi, atapika nani?" Ikaandikwa kwamba anapika bila msaada. Alama, zile zinazopima ugumu alio nao mtu, akapewa sifuri. Akaomba uamuzi uangaliwe upya, kwa sababu bila hatua hiyo rufaa haipokelewi, na jibu likarudi lile lile.

Kwenye baraza, jaji hakumuuliza kama anaweza kupika. Alimuuliza, "Jana usiku mlikula nini? Na sufuria nani aliipua?" Mama akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema sufuria huipua mjukuu akirudi shule. Yeye hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, anamenya kitunguu kimoja, anaweka kisu chini, anasugua vidole, ndipo anashika cha pili. Kuna siku kisu hakishikiki kabisa, na siku hizo wanakula mkate. Jaji akanyamaza mpaka mama amalize. Hakumkatisha hata mara moja. Daktari akaanzia hapo hapo, akauliza siku hizo ni ngapi kwa wiki.

Msidhani ule ulikuwa upole tu. Ilikuwa sheria. Kanuni za PIP zinasema mtu hahesabiwi kuwa analiweza jambo mpaka alifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika tena, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ugonjwa huo. Tena hali hiyo ipimwe kwa siku zilizo zaidi ya nusu ya siku zote. Alama 8 zinampa mtu fao la kawaida, 12 zinampa la juu. Kwenye kutembea, anayeweza kwenda zaidi ya mita moja lakini asivuke mita 20 anapata hizo 12 kwa kipengele hicho kimoja. Pesa ya mwaka mzima inasimama juu ya jibu la swali moja, na mwenye kazi ya kuhakikisha swali limeulizwa sawasawa ni yule wa katikati.

Ndiyo maana nasema kiti kile kinahitaji mwanasheria, na kinahitaji mwanasheria asiyewekwa na wizara inayolalamikiwa. Hilo halikuja bure. Kamati ya Franks, iliyoundwa na serikali kuyachunguza mabaraza ya aina hii, mwaka 1957 ilisema mabaraza ni vyombo vya kutoa haki, si sehemu ya utawala, na ikadai uwazi, haki na kutopendelea. Hata hivyo mabaraza ya misaada ya watu maskini yaliendelea kuongozwa na wasio wanasheria. Mageuzi ya mwaka 1984 ndiyo yaliyoyaunganisha na yale ya bima ya taifa na kuanza kudai mwenyekiti awe mwanasheria. Mfumo wa sasa unatokana na sheria ya mwaka 2007, na ulianza kazi Novemba 2008.

Kwa England na Wales, anayechuja waombaji ni Tume ya Uteuzi wa Majaji, iliyoanza mwaka 2006. Mwenyekiti wa tume hiyo lazima awe mtu asiye mwanasheria, na hilo mimi nalipenda sana. Mwombaji awe na miaka mitano ya uzoefu wa sheria baada ya kufuzu. Kuna mtihani wa mtandaoni, kuna maoni ya watu wanaomjua kikazi, kuna mahojiano, na mara nyingi kuna igizo: unakalishwa kwenye kiti, analetwa mtu wa kuigiza mdai, unatazamwa unavyomwendesha.

Hilo igizo ndilo ningelipa uzito kuliko yote. Kanuni mtu husoma akazijua. Kumngoja mama atafute neno, mkalimani naye atafute lake, huku rufaa nyingine zinasubiri mlangoni, hilo ndilo gumu. Nimeona majaji wawili wenye elimu sawa, mmoja akipata ukweli kwa maswali manne, mwingine akimaliza saa nzima na kuondoka na "ndiyo" na "hapana" tupu.

Nitaje jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Sharti la uraia halidai uraia wa Uingereza peke yake. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa kuomba. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda aliyefuzu sheria hapa, mlango uko wazi. Na wengi huanza kwa siku chache kwa mwaka, wakilipwa kwa siku, bila kuacha uwakili wao. Anayejua "sijambo" inaficha nini akikaa kwenye kiti kile, maswali yatakuwa mengine.

Wazee, chai iko tayari chumba cha pili. Wenye miaka mitano yao naomba wabaki. Nina karatasi hapa, tufanye lile igizo mara mbili kabla hatujafunga ukumbi, na mimi nitakuwa yule mama.