Kiti cha Afisa Mteule: Nani Anamwamuru Nani Katika Jeshi la Ghana

Ndugu zangu, nimepewa muda mfupi, kwa hiyo vyeo na vikosi vya jeshi la Ghana sitavihesabu kimoja kimoja. Platuni, kombania, batalioni: ngazi ni ileile tuliyoachiwa na Mwingereza sote. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu. Chini yake yuko Mkuu wa Majeshi, pale Burma Camp, Accra, kisha wakuu watatu wa nchi kavu, majini na anga. Basi.

Majina ya kambi, hayo yana utamu wake. Batalioni ya Nne iko Kumasi, katika kambi ya Uaddara. Hilo ni jina la mahali huko Ethiopia. Askari wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, walipigana huko na Waitaliano mwaka 1941, baada ya kupitia Kenya. Na Burma yenyewe, kule Asia, babu zetu wa keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikuwako pia.

Turudi kwenye amri. Katiba yao ya 1992, ibara ya 210, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi bila sheria ya Bunge. Ukiisoma haraka utaona ni maneno ya kawaida tu. Lakini Nkrumah alikuwa na kikosi chake cha kumlinda Rais, nje ya mlolongo wa kawaida wa amri, na maofisa wa jeshi walikuwa na kinyongo nacho. Tarehe 24 Februari 1966, yeye akiwa safarini kwenda Hanoi, Kanali Kotoka, kamanda wa brigedi ya Kumasi, akampindua pamoja na wenzake. Meja Jenerali Barwah alikataa kujiunga nao, akauawa nyumbani kwake. Mnaona? Jenerali ana cheo, kanali ana askari.

Mwaka 1979 hata kanali hakuhitajika. Tarehe 4 Juni askari wa vyeo vya chini walimtoa mahabusu rubani Jerry Rawlings, aliyekuwa akishtakiwa kwa uasi wa mwezi uliotangulia. Kabla Juni haijaisha, maofisa wakubwa wanane walikuwa wamepigwa risasi, watatu kati yao waliwahi kuwa wakuu wa nchi: Acheampong, Afrifa na Akuffo. Afrifa huyo ndiye aliyekuwa bega kwa bega na Kotoka mwaka 1966.

Sasa someni ibara ya 211. Inaunda Baraza la Majeshi. Mwenyekiti ni Makamu wa Rais. Wamo mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na mambo ya ndani. Yumo Mkuu wa Majeshi na wale wakuu watatu. Wamo wengine wawili wa kuteuliwa na Rais. Halafu, katikati ya nyota na mapanga yote hayo ya mabegani, kuna kiti cha afisa mteule mwandamizi (warrant officer), cheo kilicho chini ya maofisa wote wenye kamisheni. Mtu aliyeanza kuruta, anayejua bwenini kunanong'onwa nini. Mimi kiti hicho nakisoma kama kumbukumbu ya Juni 1979. Mwanasheria atanibishia, na abishe.

Baraza hilo humshauri Rais kuhusu sera ya ulinzi, bajeti, na kupandishwa vyeo kwa maofisa walio juu ya luteni kanali. Luteni kanali ndiye mwenye batalioni. Anayemfuata juu ni kanali, na Kotoka alikuwa kanali.