Shamba la Shangazi

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia ardhi ya kijiji, mimi na mtangazaji mwenzangu Baraka.

BARAKA: Asante, dada. Habari zenu popote mlipo.

REHEMA: Nianze na la nyumbani. Shangazi yangu alilima shamba moja miaka zaidi ya 20. Mumewe akafariki. Hata arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wakaja na kamba wakapima. Hawakumtukana. Walimwambia tu, "Mama, shamba hili ni la ukoo." Akafunga mizigo.

BARAKA: Pole sana. Na sheria ilikuwa upande wake, ndiyo maana naumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu ardhi kinyume cha haki ni batili.

REHEMA: Lakini Tamko la Sheria ya Mila la 1963 linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Sasa ndugu wakishika hilo, shangazi atashika nini?

BARAKA: Ashike hati. Hati ya hakimiliki ya kimila, yaani karatasi inayomtambua kuwa mwenye shamba kijijini, yenye jina lake.

REHEMA: Hebu eleza inavyopatikana, maana wengi hudhani unakwenda wilayani, unalipa, unarudi nayo.

BARAKA: Inaanzia kijijini. Kwanza kijiji kikubaliane mipaka na vijiji jirani, kipate cheti chake cha ardhi. Kisha mnapanga matumizi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, msitu huu haufyekwi. Ndipo mnapita shamba kwa shamba. Mwenye shamba anasimama mpakani na majirani zake, kila mmoja anaonyesha anapokomea. Mimi hatua hiyo naipenda kuliko zote, dada. Ugomvi wa miaka unaibuka palepale juani, mbele ya watu wanaojua nani alipanda mwembe ule. Hati ikiwa tayari, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, mwenye shamba anasaini au anaweka dole gumba, afisa ardhi wa wilaya anaisajili.

REHEMA: Na hapo mpakani ndipo jina la mwanamke linapopotea. Karani anauliza, "Shamba la nani?" Mume anajibu. Mke yuko nyuma yake, jembe mkononi, na ndiye aliyelima. Nawaomba makarani wetu: mgeukieni yule mama, mumuulize na yeye. Hati moja inabeba majina mawili bila shida.

BARAKA: Kweli kabisa. Na mkutanoni aende. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Akija mtu anataka ardhi ihamishwe, yaani isiwe tena ya kijiji, kwa ajili ya mradi wake, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, baada ya kupata mapendekezo ya kijiji.

REHEMA: Tatizo mkutano unaitishwa siku ya gulio, saa nne asubuhi. Akina mama wako sokoni. Jioni wanaambiwa, "Kijiji kimekubali." Kijiji kipi hicho?

BARAKA: Halafu kuna watu ambao hati ya mtu mmojammoja haiwafai. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kule Mbulu, wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi. Ukiwagawia ekari tatu tatu umewamaliza. Mwaka 2011 walipata hati ya pamoja, ya jamii nzima. Wafugaji nao ni hivyohivyo: ng'ombe hafuati kipande, anafuata mvua.

REHEMA: Hilo tulirudie wiki ijayo, lina mengi.

BARAKA: Na shangazi? Yuko wapi sasa?

REHEMA: Amerudi kijijini kwao. Kaka yake kamkatia ekari moja na nusu. Juzi alinipigia, mashamba ya kitongoji chao yanaanza kupitiwa. Nikamuuliza, "Mtaandika jina la nani?" Akasema kaka yake ameshamwambia mwenyekiti mbele ya watu kwamba kipande kile ni cha dada yake. Anamsubiri karani.