Viwimbi: kuivunja picha na kuiunga upya bila kupoteza pikseli

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kila mwenye kalamu aandike namba hizi nane: 52, 54, 60, 60, 200, 202, 201, 199. Hiki ni kipande cha mstari mmoja wa picha isiyo na rangi. Kushoto kuna giza, kulia kuna mwanga. Mkizitazama mtaona kwamba ukishaijua 200, jirani yake 202 hakuambii jambo kubwa jipya. Kazi yote ya leo, yaani viwimbi (kwa Kiingereza wavelets), imejengwa juu ya ujirani huo.

Zishikeni mbili mbili. Kwa kila jozi andikeni tofauti, yaani ya pili kutoa ya kwanza, kisha wastani. Panapotokea nusu, tunashuka chini. Jozi ya kwanza inatoa tofauti 2 na wastani 53. Ya pili, 0 na 60. Ya tatu, 2 na 201. Ya nne, -2 na 200. Namba za wastani, 53, 60, 201, 200, ni mstari uleule uliofupishwa nusu, kwa hiyo tunaufanyia vilevile: tofauti 7 na -1, wastani 56 na 200. Duru ya mwisho inatoa tofauti 144 na wastani 128.

Mstari wetu sasa unasomeka 128, 144, 7, -1, 2, 0, 2, -2. Namba bado ni nane, na hakuna tulichotupa. Lakini uzito umehamia mbele, na nyuma zimebaki namba ndogondogo zinazozunguka sifuri. Namba ndogo zinaandikika kwa biti chache. Mgandamizo wa picha unaanzia hapo. Tena ile 144 inatuambia mambo mawili kwa mpigo: kuna mruko mkubwa wa mwanga, na uko katikati ya mstari. Njia ya Fourier, inayovunja mstari kuwa mawimbi, ingetupa mitetemo iliyomo katika mstari mzima, lakini mahali pa mruko pangekuwa pametawanyika katika namba zote.

Msingi wa hesabu hii ni wa Alfréd Haar, mwanahisabati wa Hungaria, katika tasnifu yake ya mwaka 1909. Jina wevuleti, ambalo mimi nalitafsiri viwimbi, lilipata nguvu miaka ya 1980 nchini Ufaransa, Jean Morlet alipokuwa akichambua mitetemo ya ardhini katika utafutaji wa mafuta, akisaidiana na mwanafizikia Alex Grossmann. Ingrid Daubechies alichapisha familia yake ya viwimbi vifupi mwaka 1988, na mwaka uliofuata Stéphane Mallat akaonyesha jinsi ya kupanda na kushuka ngazi kwa vichujio. Historia naiachia hapo, maana nataka tufike kwenye msimbo.

Jozi tuiite a na b, tofauti d, wastani s; alama // ya Python ni mgawanyo unaoshuka chini. Kwenda ni mistari miwili:

d = b - a
s = a + d // 2

Kurudi ni mistari hiyohiyo, imesomwa kutoka chini kwenda juu na alama zimegeuzwa:

a = s - d // 2
b = a + d

Tazameni kwa makini. Ule mgawanyo wa 2 unapoteza nusu, lakini nusu inayopotea wakati wa kwenda ndiyo hiyohiyo inayopotea wakati wa kurudi, kwa sababu d haijabadilika. Ndiyo maana picha inarudi ilivyokuwa, pikseli kwa pikseli. Ushauri wangu ni kwamba andikeni funksheni ya kurudi siku ileile mnayoandika ya kwenda. Mimi sihesabu kwamba nimeelewa kiwimbi chochote mpaka nimekirudisha.

Katika kuandika huko kuna mitego. Picha ikisomwa kutoka kwenye faili, mara nyingi huja kama namba za biti 8, 0 hadi 255. Humo, 199 kutoa 201 si -2, ni 254, na NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, haitakuonya unapotoa safu kutoka safu. Igeuze picha iwe int16, namba kamili za biti 16 zinazokubali hasi, kabla ya jambo lolote. Mtego wa pili: x ikiwa mstari na n nusu ya urefu wake, x[n:] katika NumPy si nakala, ni dirisha la kumbukumbu ileile. Wakati wa kurudi, ukiandika a ndani ya x[0::2] huku d ni dirisha la x[n:], umeifuta d kabla hujaitumia kupata b. Weka copy().

Wa tatu ulinila siku nzima. Upande wa kwenda niliuandika kwa Python, wa kurudi kwa C. Picha ilirudi vizuri, isipokuwa pikseli zilizotawanyika huku na huko zilikosea kwa 1. Kumbe -3 // 2 katika Python ni -2, na -3 / 2 katika C ni -1. Kila lugha ikijirudia yenyewe haina kosa. Zikichanganywa, kila tofauti hasi isiyo shufwa inaharibu jozi yake. Nikatumia d >> 1, yaani kusogeza biti hatua moja kulia, pande zote mbili, inayoshuka chini daima kwenye mashine zangu, na kosa likaisha.

Kwa picha kamili, fanya safu mlalo zote, kisha safu wima zote. Unapata robo nne: juu kushoto ni picha ndogo, nyingine tatu ni kingo za wima, za mlalo na za mshazari. Robo ya kwanza inavunjwa tena, na kila duru ya namna hii ni ngazi. Kwa kuwa kila ngazi ina robo ya pikseli za ngazi iliyotangulia, ngazi zote kwa pamoja hazifikishi 4/3 ya kazi ya ngazi ya kwanza. Na kwa namba kamili, kurudi lazima kuanze na wima ndipo mlalo, kwa sababu ya zile nusu tunazoshusha.

Sasa ongezeni 52 nyingine mwanzoni mwa mstari na ya mwisho idondoke, picha isogee pikseli moja: 52, 52, 54, 60, 60, 200, 202, 201. Tofauti za kwanza ni 0, 6, 140, -1. Ule mruko uliokuwa umekaa ngazi ya tatu umeangukia ya kwanza! Picha ni ileile machoni, lakini namba zimehama. Jambo hili naliona zito kuliko mitego yote, kwa sababu halitokani na kosa la mwandishi. Anayetaka kulinganisha picha mbili kwa viwimbi vyake lazima alikumbuke. Anayesafisha kelele naye ataona madoa kandokando ya kingo. Dawa waliyoipendekeza Coifman na Donoho mwaka 1995 ni kuisogeza picha mara kadhaa, kuisafisha kila mara, kuirudisha mahali pake, kisha kuchukua wastani.

Nimeulizwa hapa mbele kama Haar inatosha. Kujifunzia, ndiyo. Kwa picha yenye mwanga unaopanda polepole, inatoa vigae. JPEG 2000, muundo wa kuhifadhi picha, katika hali yake isiyopoteza kitu hutumia kiwimbi kiitwacho 5/3, ambacho hukisia pikseli kutokana na majirani wa pande zote mbili:

d[n] = x[2*n+1] - (x[2*n] + x[2*n+2]) // 2
s[n] = x[2*n] + (d[n-1] + d[n] + 2) // 4

Mwishoni mwa safu, jirani wa kulia akikosekana, tumia wa kushoto; mwanzoni, badala ya d[n-1] tumia d[0]. Lakini katika Python, d[-1] haileti kosa: inachukua namba ya mwisho kimyakimya, na ukingo wa kulia wa picha unavuja hadi kushoto. Jaribio la kurudi halitalikamata hili, maana kurudi kunafanya kosa lilelile na picha inatoka safi. Lijaribuni kwa namba zinazopanda sawasawa: 0, 10, 20, hadi 70. Tofauti zote ziwe 0 isipokuwa ya mwisho, ambayo ni 10. Kisha tazameni s[0]. Ikiwa 0, ukingo uko sawa. Ikiwa 3, umevuja.