Huku moshi unauzwa kwenye chupa

Jambo yenu, watu wa Lubumbashi! Wa Katuba, wa Kamalondo, wa Ruashi, na nyinyi wenzangu wa Kenya, mtaa wetu huko Lubumbashi. Huku Amerika nikisema nimekulia Kenya wananiuliza habari za Nairobi. Nimechoka kueleza, siku hizi najibu tu kwamba Nairobi ni wazima.

Najua mega za kutazama video ni ghali, kwa hiyo nyama nimeianza tangu alfajiri, hamtaningoja. Angalieni nje kwanza, nageuza simu. Ile yote nyeupe ni theluji. Hapa ni Des Moines, jimbo la Iowa, na mkataba wa nyumba umeandika wazi: hakuna mbabula, yaani jiko la makala, kwenye baraza. Ndani ndiyo usithubutu kabisa. Makala kwenye nyumba iliyofungwa madirisha inaua watu usingizini. Sasa mtu aliyelelewa kwa michopo, nyama choma ya kando ya barabara, moshi mpaka kwenye nguo za misa, afanye nini?

Anapikia hiki. Chungu cha umeme, kinapika polepole, kinakula umeme kama balbu mbili tatu za zamani. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukata nyama, zamu ya masaa kumi. Natoka kimewashwa, narudi kimeiva.

Nyama ni bega la ng'ombe, kilo moja na nusu. Msinipelekee fileti humu! Fileti ikikaa saa nane inakauka, unatafuna kamba. Bega lina zile nyuzi nyeupe ngumu, na zikipata joto la polepole kwa muda mrefu zinayeyuka, zinakuwa ute, ule ule unaogandisha mchuzi wa kwato asubuhi. Ndiyo maana angalieni, nagusa kwa uma tu… mmeona? Imeachana yenyewe.

Jana usiku niliipaka chumvi, bizari nzima iliyosagwa, sukari ya kahawia na vijiko viwili vya paprika ya moshi. Hiyo paprika inatoka Uhispania, upande wa La Vera. Pilipili zao wanazikausha juu ya moto wa mwaloni siku nyingi. Alfajiri nikaikaanga juu juu kwenye kikaango mpaka ikawa nyeusi nyeusi. Fungua dirisha unapokaanga, hata kama ni baridi. Mwaka jana sikufungua, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, majirani wakateremka na ndara kwenye theluji. Mpaka leo kuna bibi mmoja hanisalimii.

Kisha chunguni: vitunguu chini, nyama juu, nyanya ya mkebe, siki nusu kikombe, kitunguu saumu, na hizi pilipili mbili nyeusi zilizokunjamana. Zinaitwa chipotle. Ni pilipili ya halapenyo iliyoiva ikakaushwa kwa moshi, Wameksiko hao, wanajua mambo. Maji sikutia. Mama, najua unaangalia na umeshashika kichwa, lakini mvuke hautoki, nyama inajitolea maji yake. Na usifunue kila saa uonje! Ukifunua mara moja joto linatoroka, unaongeza kama nusu saa.

Halafu kuna hii. Msicheke. Hii chupa ni moshi. Moshi kweli, wanachoma mbao, wanaupoza unakuwa maji, wanauza dukani karibu na chumvi. Sisi tuliokua tunatazama bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, kila asubuhi, leo tunanunua moshi kwa dola! Mara ya kwanza niliumimina kama siki, tukala nyumba iliyoungua. Nusu kijiko cha chai, basi.

Nyinyi huko hamhitaji chupa, wala chungu cha umeme, maana umeme wenyewe mnaujua. Chukueni sufuria nzito, makala machache yaliyofunikwa majivu, mfuniko na jiwe juu yake, saa tatu nne hivi, na maji kidogo kidogo maana huko mvuke unatoka. Ikiiva, wekeni kaa moja jekundu kwenye kibakuli cha chuma, kibakuli kikae juu ya nyama, dondosheni tone la mafuta kwenye kaa, mfunike haraka, dakika tano. Moshi wote unaingia kwenye nyama. Kusema ukweli hiyo yenu itashinda yangu, na nimekasirika kidogo.

Mchuzi huu ni mwepesi bado, nauhamishia kwenye sufuria uchemke mpaka ushike kijiko. Nyama naichambua hivi, naurudishia. Wenyeji wa huku wanaila ndani ya mkate mtamu. Mimi nina bukari hapa, ugali wetu, ya unga mweupe niliyosonga sasa hivi, na sombe kidogo ya jana, majani ya muhogo.

Mmm. Ngoja. Pilipili imenifika puani.

Yaya, dada yangu mkubwa, wewe wa mtaa wa Bel-Air uliyesema nimesahau kula kwa mkono, tazama vizuri huu mkono. Mama, usipige simu kwanza, nina tonge mdomoni.