Povu Haliambukizi
Mhadhara kwa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na walimu, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nieleze jinsi ubongo na kemikali zake zinavyoendesha tabia na mwili wa binadamu. Nitaeleza, lakini mnaonijua mnajua nitapitia wapi. Nitapitia kwenye kifafa, maana huko ndiko tunakopoteza watu huku tumesimama tunatazama.

Nilikuwa mwaloni asubuhi moja, mitumbwi ya dagaa ndiyo kwanza imerudi. Kijana mmoja alikuwa ukingoni anasuuza beseni. Kidole gumba chake cha kushoto kikaanza kuchezacheza. Akakikodolea macho kama si chake. Kikafuata kiganja, kisha mkono mzima mpaka begani, shavu likavutwa upande, akaanguka kifudifudi. Maji aliyoangukia yalikuwa ya kifundo cha mguu. Kifundo cha mguu, jamani! Pale pana wanaume wanaogelea tangu hawajaota meno, na wote wakarudi nyuma. Mama mmoja akapiga ukelele: "Msimguse, ana povu!" Tuliomvuta ni mimi na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu. Kijana alipona, na mzee yule hajaugua kifafa mpaka leo. Mimi pia sijaugua, na nimeshafutwa mate ya watu mikononi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa rudini kwenye kile kidole gumba. Juu ya ubongo kuna ukanda unaoamrisha misuli, unashuka kutoka utosini kuelekea sikioni. Ukanda wa kulia huamrisha upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huamrisha wa kulia. Ndani yake kidole gumba kina eneo lake, kiganja kinapakana nacho, uso nao uko jirani. Hitilafu ya umeme ikianzia penye kidole gumba, inahamia kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Ndiyo safari mliyoisikia kwa yule kijana. Daktari Mwingereza, John Hughlings Jackson, aliieleza safari hiyo karne ya 19, kabla ya Mjerumani Hans Berger kuupima umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Niambieni, pepo gani huyo anayefuata mipaka ya viwanja kwa uaminifu hivyo?

Seli za neva kichwani mwako ni kama bilioni 86. Penye maungio yake mengi seli hazigusani. Kuna upenyo mdogo sana, na ujumbe huvushwa na kemikali. Glutameti ikivuka, inaiambia seli ya ng'ambo: washa. Gaba ikivuka, inaiambia: tulia. Na ajabu ni kwamba gaba hutengenezwa kutokana na glutameti hiyohiyo. Breki imefuliwa kwa chuma cha injini. Siku zote viwili hivi vinapimana, ndiyo maana mkono wangu huu unashika kalamu bila kuivunja. Kwa mwenye kifafa, breki inazidiwa mahali fulani, seli nyingi zinafyatuka kwa pamoja, na mwili unatii.

Povu je? Ni mate. Mtu hamezi kwa wakati ule, na pumzi inasukumwa kwa nguvu ndani ya mate. Basi.

Najua kuna anayesema moyoni: "Tabibu, mjomba wangu alifukizwa na akaamka palepale." Ni kweli aliamka. Mara nyingi kifafa kikishika, hujiachia chenyewe baada ya dakika moja, mbili, tatu. Aliyekuwa na ubani mkononi wakati huo ndiye anayesifiwa. Aliyekuwa na kijiko naye atasifiwa, japo amevunja meno ya mwenzake. Ulimi haumezwi! Nimelisema hili mpaka sauti imenikauka.

Mwingine anasema hiyo ni shida ya wala kitimoto. Sikilizeni vizuri. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu, haijaiva, anapata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na choo chake. Yakifika kwenye mchicha wako au mikononi mwako, wewe ambaye hujawahi kuonja kitimoto, vijitegu husafiri kwa damu na kujijengea vifuko ubongoni, na kifuko kimoja kinatosha kuwasha moto. Kwa hiyo mwalo usio na choo ni jambo linalotuhusu sote, wa msikitini na wa kanisani.

Na ninyi wa dagaa: mnakesha giza lote la mwezi. Kukosa usingizi huamsha kifafa. Mwenye ugonjwa huu asipande mtumbwi usiku. Mpeni kazi ya nchi kavu, kwenye chanja, kwenye mizani, na mgawo wake msimpunguzie.

Dawa zipo. Fenobabitali ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na kazi yake ni kuipa gaba nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Ila dawa haikatishwi ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Breki ikitolewa kwa mkupuo, kifafa hurudi kwa hasira. Gongo ni hivyohivyo: inaipa gaba nguvu kwa miaka mpaka ubongo unaitegemea, na mlevi mkubwa akiacha siku moja anaweza kuanguka. Aje kituoni tumsaidie kuacha.

Walimu, mtoto anayekodoa macho sekunde kumi, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kuandika, huenda hicho nacho ni kifafa, msimchape. Mleteni.

Nilikuwa na ya kusema juu ya kemikali nyingine za ubongo, dopamini ya wacheza kamari, na serotonini, lakini naona wenye mizigo wanatazama saa. Kijana mmoja aje alale hapa kwenye mkeka. Wewe, njoo. Haya, tazameni: kanga chini ya kichwa, hivi. Vyenye ncha vyote mbali. Sasa goti hili likunjwe, umvute alale ubavu, mdomo uelekee chini mate yatoke. Mtu mmoja aangalie saa. Zikipita dakika tano, pikipiki, gari, chochote, hospitali. Mama, njoo na wewe umgeuze. Mshike begani, usiogope.