Ubaridi wa Nanaa Unaishia Ulimini

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wanaonifahamu wanajua kwamba sitaanza na orodha ya magonjwa yanayosemekana kutibiwa na nanaa, kwa kuwa orodha hizo mnazo kwenye simu zenu. Nitaanza, kama ilivyo kawaida yangu, na jani lenyewe. Chukueni moja katika visahani vilivyo mbele yenu, mlitafune polepole mkiwa mmefumba midomo. Kinachotangulia si baridi, bali ni ukali unaochoma ncha ya ulimi; baridi huja mnapofumbua mdomo na kuvuta pumzi. Kwa ajili ya tofauti hiyo ya sekunde chache nimekwisha kugombana na marafiki.

Katika Ayurveda, elimu ya dawa ya jadi ya India, pudina, ambayo ndiyo nanaa yetu, huhesabiwa kuwa na ladha kali na tabia ya joto, ushna, kwa maana ile ile ambayo wazee wa pwani husema chakula fulani ni cha moto na kingine ni cha baridi. Hutuliza vata na kapha, mbili kati ya nguvu tatu ambazo Ayurveda husema zinauendesha mwili (ya tatu ni pitta, yenye tabia ya moto), na huchochea agni, yaani moto wa tumbo unaomeng'enya chakula. Ajabu ni kwamba vitabu vingi vya siku hizi vya Ayurveda, hasa vile vinavyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, humwambia msomaji kuwa nanaa ni baridi, ainywe apoze mwili. Mwandishi ameonja, amehisi ubaridi, na hapo hapo amefunga hesabu!

Ulimi umemdanganya. Mwaka 2002, wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja na wenzake, waliitumia mentholi, kemikali ya nanaa inayoleta hisia ya baridi, kukitambua kipokezi cha fahamu kinachohisi baridi. Mentholi hukiamsha hata pale ambapo hakuna kilichopoa. Jani mlilotafuna ni la nanaa kali, yenye mentholi nyingi. Ile ya chatini, Mentha spicata, ina mentholi kidogo mno, na harufu yake hutokana zaidi na kemikali nyingine, kavoni.

Atauliza mtu: ikiwa mdomo umeburudika, ubaya uko wapi? Ubaya uko kwa mwenye kiungulia. Shangazi yangu, kila baada ya futari, alikunywa kikombe kizima cha nanaa kali ili "apoze kifua", kisha usiku wa manane tukamkuta ameketi kitandani, mkono kifuani, akiomba kikombe kingine. Mentholi hulegeza misuli, ukiwamo ule unaofunga njia kati ya umio na tumbo, na asidi ikapanda juu. Alipoiacha, alilala. Sisemi kwamba ushna ya Wahindi na msuli uliolegea ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba aliyemwonya mtu wa pitta, yaani mwenye moto mwingi mwilini, asizidishe nanaa hakumpotosha.

Kulegeza huko huko ndiko kunakomfaa mwenye gesi na msokoto wa utumbo, na ndiyo sababu mafuta ya nanaa hutiwa katika vidonge vilivyofunikwa ili vipite tumboni bila kuyeyuka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo habari za ngozi na meno naziacha. Jikoni, jaribuni jaljira ya India ya kaskazini: pondeni kwenye kinu nanaa, bizari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta na chumvi nyeusi, mtie ndimu na maji, mnywe kabla ya chakula ili kuamsha hamu. Chumvi hiyo hunuka kama yai bovu. Msiitupe, ndivyo ilivyo.

Na mafuta ya nanaa, tafadhali, msimpake mtoto mchanga puani wala usoni, hata akiwa na mafua ya namna gani, kwa maana mentholi yaweza kulibana koo lake akashindwa kupumua.